Fundi wa Umeme wa Jua Atoke Lisekese

Jua la Masasi na Newala halitozwi ushuru, na siku hizi si ajabu kuona paneli juu ya paa la mkulima wa korosho. Twafurahi. Lakini betri ikifa, nani ataitazama? Mara nyingi mwenye nyumba hungoja msimu wa Oktoba, auze korosho, anunue kitu kipya. Kile cha kale hutupwa nyuma ya banda. Hapo anayetajirika ni mwenye duka.

Wapo wasemao kwamba kazi hii yataka vijana waliosoma sana. Hatukubali. Mwaka 2011 akina mama wa vijiji vya Mtwara na Lindi walisafiri hadi Tilonia, India, kwenye chuo cha Barefoot kilichoanzishwa mwaka 1972. Walikaa huko miezi 6. Lugha ya wenyeji hawakuijua. Walifundishwa kwa ishara, kwa rangi na kwa kuishika kazi yenyewe, wakarudi wakiwa mafundi. Chuo hicho hupenda watu wazima, na sababu yake yajulikana hata kwetu: kijana akipata cheti hukimbilia mjini, bali bibi mwenye shamba na wajukuu haondoki. Baadaye mafunzo ya namna hiyo yalianzishwa Kinyasini, Unguja, hata kuvuka bahari kwenda India si lazima tena.

Masasi kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Vyuo vya aina hiyo vilianza mwaka 1975, kwa fikra ya Mwalimu Nyerere, ili mtu mzima apate ujuzi pasipo kuulizwa cheti. Twaona hapo ndipo pahali pake, ila ratiba ifuate shamba: mtu haitwi darasani wakati korosho zinaanguka.

Kazi haitakosekana. Uwanda wa Makonde hauna mito, na maji ya Newala hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni. Pampu ya jua ikisimama, anayeteremka bondeni na kupanda tena na ndoo kichwani ni mama, si mhandisi aliyeko mkoani.

Vifaa je? Sheria yaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Wanachama wa Lisekese na waulize katika kikao kijacho cha tawi ni kikundi gani cha mafundi kilichokwisha kukopeshwa koleo, nyaya na kipima umeme.