Nchi Jirani: Ndege ya Faiba na Kazi ya Ukaguzi

Katika nchi jirani ya Kenya, Jeshi la Anga huwafunza marubani wake kwa ndege ndogo aina ya Grob 120A iliyotengenezwa Ujerumani. Ndege hiyo haikuungwa kwa mabati ya alumini, bali kwa nyuzi zilizogandishwa kwa gundi. Asili ya ufundi huo yaonekana wazi zaidi katika ndege ya zamani ya kiwanda hicho hicho, Grob 109, ambayo ni nusu ndege ya kawaida na nusu glaida, yaani ndege iwezayo kuteleza angani pasipo nguvu ya injini.

Grob 109 iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1980. Hubeba watu wawili, nao huketi bega kwa bega, hata mwalimu akaweza kuiona mikono ya mwanafunzi wake. Toleo la pili, 109B, lina mabawa ya mita 17.4 kutoka ncha hadi ncha, hali urefu wa ndege nzima ni kiasi cha mita 8 tu. Mabawa marefu na membamba hupunguza ukinzani wa hewa. Rubani akiisha kupata kimo huweza kuizima injini, akazigeuza pande za rafadha ziukate upepo kwa ukingo, na ndege ikasonga mbele kiasi cha mita 28 kwa kila mita moja inayoshuka. Kutoka kimo cha mita 1,000, hewa ikiwa imetulia, ana kilometa 28 za kutafuta mahali pa kutua. Akitaka kushuka upesi hufungua breki za hewa zilizo juu ya mabawa. Akitaka kuendelea na safari huiwasha injini. Glaida ya kawaida huhitaji kuvutwa ili ipae. Hii hupaa yenyewe.

Umbo laini namna hiyo ni taabu kulipata kwa mbao au kwa bati. Njia ilifunguliwa mjini Stuttgart mwaka 1957, iliporuka Phönix, glaida ya kwanza kuundwa kwa faiba. Kitambaa cha nyuzi za kioo hutandazwa ndani ya kalibu, kikalowanishwa kwa gundi, kisha kikaachwa kigande. Kinachotoka ni bawa lisilo na ripiti hata moja. Wavuvi wenye boti za faiba wataitambua kazi hiyo, ingawa bawa halivumilii uzembe ambao pengine boti huuvumilia.

Gundi hiyo hulegea joto likizidi, na ndiyo sababu karibu glaida zote za faiba hupakwa rangi nyeupe. Si urembo. Lakini jambo linalowasumbua mafundi zaidi ni jingine. Bati likigongwa hubonyea, na hata mpita njia huona. Faiba huweza kurudia umbo lake huku tabaka za ndani zimekwisha kuachana. Fundi hulazimika kuigonga kwa sarafu, hatua kwa hatua, akisikiliza mahali ambapo mlio unafifia. Kwa sababu hiyo kila pigo, kila kutua kwa kishindo na kila kiraka hapana budi kuandikwa; ndege isiyoonyesha jeraha lake haina shahidi mwingine ila daftari la matengenezo.

Jeshi la Anga la Uingereza lilijifunza hayo kwa gharama kubwa. Tangu mwaka 1991 lilitumia Grob 109B zaidi ya 50, likaziita Vigilant, kuwafunza vijana wa kadeti. Mwezi Aprili 2014 glaida zote za kadeti zilisimamishwa, kwa wasiwasi juu ya matengenezo na kumbukumbu zake. Vijana wengi walipitisha umri wa ukadeti bila kuruka. Mwaka 2016 Serikali ya nchi hiyo ilitangaza kwamba ni Vigilant chache tu zingerudishwa kazini, na mwaka 2018 aina hiyo ikaondolewa kabisa jeshini.

Ndege hizo hazikutupwa. Zilichukuliwa na Aerobility, shirika la hisani linalowarusha watu wenye ulemavu, kwa mpango wa kuzikarabati na kuzifunga injini mpya za Rotax.