Je, Wajua? Kioo Cheusi Si Kifo cha Kompyuta

Laptopu imewaka, feni inavuma, lakini kioo ni cheusi tii? Usikimbilie kununua nyingine. Zima taa za chumbani, kisha mulika kioo kiubavu kwa tochi ya simu. Ukiona picha hafifu, basi picha ipo; kilichokufa ni taa ya nyuma ya kioo.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni televisheni ya sebuleni. Iunganishe na laptopu kwa waya wa HDMI, uchague HDMI kwa rimoti. Kwenye Windows, shikilia kitufe cha Windows, gonga P, kisha bonyeza Enter. Picha isipotokea baada ya sekunde chache, gonga P mara moja zaidi na ujaribu tena, kwani machaguo ni manne.

Televisheni ikionyesha picha safi, kadi ya picha ni nzima. Ubovu huwa kwenye kioo chenyewe, au kwenye waya mwembamba unaopita katika bawaba, ambao huchoka kwa kufunguliwa na kufungwa kila siku. Kioo kikiwa na mistari, na mistari ileile ikitokea kwenye televisheni pia, ishuku kadi ya picha. Mweleze fundi hayo kabla hajalegeza skrubu hata moja.

Kama laptopu ina ile soketi ya zamani yenye matundu 15 badala ya HDMI, hiyo ni VGA, iliyoletwa na IBM mwaka 1987. Hubeba picha tu. Sauti itabaki kwenye laptopu.