Jicho Juu ya Mlingoti

Katika Jiografia ya shule zetu za sekondari kuna sehemu ambayo wanafunzi wengi huikariri pasipo kuifahamu, nayo ni usomaji wa picha. Mwanafunzi huambiwa kwamba ziko picha zilizopigwa na mtu aliyesimama ardhini, ziko zilizopigwa kutoka juu kamera ikielekezwa mshazari, na ziko zilizopigwa kamera ikitazama chini wima. Hukariri kwamba katika picha ya mshazari vitu vya karibu huonekana vikubwa kuliko vya mbali, na kwamba katika picha ya wima nyumba huwa paa tupu. Kisha huenda mtihanini. Je, ni wangapi waliowahi kuipiga hata moja ya picha hizo za juu? Nimewauliza walimu kadhaa swali hili katika safari zangu baina ya Kitale na Bungoma, na jibu ni lile lile: shule ingekuwa na droni, tungefanya.

Nashikilia kwamba droni haihitajiki. Mwanzi unatosha.

Droni ni ghali, na chini ya kanuni za mwaka 2020 ni lazima isajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege. Mlingoti ulioshikwa na watu wawili hauruki, kwa hivyo haumo katika kanuni hizo. Tena watu walipiga picha kutoka juu kabla ya ndege kubuniwa. Mfaransa Nadar alipanda na kamera yake katika puto mwaka 1858, na mwenzake Arthur Batut akaifunga yake kwenye tiara mwaka 1888. Hakuna aliyengoja chombo kamili.

Utengenezaji si kazi ngumu. Tafuta mwanzi uliokomaa na kukauka, au mti mwembamba wa mkalitusi ulionyooka, wa mita 6 hivi, upande mnene ukiwa chini. Bomba la plastiki la maji huvutia kwa wepesi wake, lakini kwa urefu huo hupinda na kutikisika mno. Juu yake funga kipande cha ubao kwa bawaba ya mlango, ili kiweze kuinamishwa na kukazwa. Kamera nyingi zina tundu chini linalopokea boliti ya robo inchi yenye meno 20 katika kila inchi. Fundi wa jua kali akikupa ya milimita 6, ikatae. Zinafanana kwa macho, lakini meno yake hayalingani na huharibu tundu. Simu haina tundu hilo, basi ifungwe kwa ukanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli, na Bungoma haikosi tyubu kuukuu. Ongeza kamba ya pili ya usalama. Kifaa kipangiwe kujipiga picha baada ya sekunde 10, au kirekodi video ambayo baadaye itatolewa picha moja moja. (Mlingoti wa bendera ya shule usiguswe, una kazi yake.)

Hapa mwalimu wa Fizikia naye anapata somo. Simu ya gramu 200 mwishoni mwa mlingoti wa mita 6 uliolazwa huvuta sawa na kilo 1.2 zilizo umbali wa mita moja kutoka kitakoni, na uzito wa mlingoti wenyewe bado haujahesabiwa. Mlingoti ukisimama wima, mvuto huo hutoweka karibu wote. Ndiyo maana mmoja hukanyaga kitako huku mwingine akiuinua hatua kwa hatua, na wenzao wakizishika kamba tatu za pembeni. Kwa urefu huo, simu ya kawaida ikitazama chini huona eneo la takriban mita 8 kwa 6. Weka rula ya mita moja ardhini, na mwanafunzi ataikokotoa skeli mwenyewe.

Kuna jambo moja ambalo sitalipitia haraka. Mlingoti usiinuliwe kamwe karibu na nyaya za umeme, hata ukiwa wa mti, kwa sababu mwanzi au mti wenye unyevu hupitisha umeme. Wala usiinuliwe mawingu yakikusanyika, nasi twajua jinsi radi za alasiri zilivyo huku kwetu. Kazi hii ni ya asubuhi.

Asubuhi ina faida nyingine pia. Jua likiwa chini, kila shimo na kila tuta hutoa kivuli kirefu, na yaliyofichwa na nyasi hujitokeza. Katika Trans Nzoia yako mashimo ya Wasirikwa, ambayo wataalamu wa mambo ya kale wameyaeleza kuwa mazizi ya ng'ombe ya karne nyingi zilizopita. Mtu akisimama kando yake huona bonde dogo tu. Akiliinulia kamera, duara hujidhihirisha. Juu ya Webuye ipo Chetambe, ambako Wabukusu walipigana na jeshi la Waingereza mwaka 1895 wakiwa ndani ya ngome yao. Wanafunzi husoma tarehe hiyo vitabuni, ilhali kilima chenyewe ki karibu nao.

Wapo watakaosema kwamba jicho la juu huchungulia ua za watu. Wana haki. Jirani aombwe ruhusa kabla mlingoti haujasimama, na sherehe za tohara za Agosti, katika miaka shufwa, zisipigwe picha bila ridhaa ya wenyewe. Kuhusu watoto, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi.

Picha zikipatikana, nyuma ya kila moja yaandikwe mahali, tarehe, saa, urefu wa mlingoti na upande kamera ilikoelekea. Bila hayo, haitafaa kulinganishwa na nyingine. Nakala za mashimo ya Wasirikwa zipelekwe katika Makavazi ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974 na ambayo chimbuko lake ni makavazi aliyoanzisha Hugh Stoneham mwaka 1926. Nyingine zibaki maktabani mwa shule, kwani darasa la mwaka ujao litahitaji kusimama pale pale na kupiga tena, ili lione jembe limekula kiasi gani.