Yesu wa Nazareti Mbele ya Mizani ya Historia

Wako watu wanaodai ya kwamba Yesu wa Nazareti hakupata kuishi duniani, bali ni mtu wa hadithi tu. Dai hilo lilienea Ulaya tangu karne ya 19. Hatukusudii kupima imani ya mtu yeyote. Swali letu ni la aina wanayoizoea ndugu zetu askari katika upelelezi: upo ushahidi gani, umetoka kwa nani, na je, haukuchezewa?

Yafaa ieleweke kwanza kwamba hati ya hukumu yake haipo. Lakini hilo si ajabu. Pontio Pilato mwenyewe, aliyetawala Uyahudi kwa miaka kumi hivi, hakuachiwa kumbukumbu ya ofisi hata moja. Jiwe lililochongwa jina lake liligunduliwa Kaisaria mwaka 1961 tu.

Shahidi tunayemtazama zaidi ni Josephus, Myahudi aliyekuwa kamanda wa vita huko Galilaya, akasalimu amri kwa Warumi mwaka 67. Katika historia aliyoimaliza mwaka 93 au 94, tunasoma kwamba Yesu ndiye Kristo na kwamba alifufuka. Maneno hayo hayalingani na Myahudi asiyekuwa Mkristo. Tena Origen, mwalimu wa Kanisa wa karne ya 3, aliandika wazi kwamba Josephus hakumkubali Yesu kuwa Kristo. Basi wataalamu wengi wamekata shauri kwamba mnakili Mkristo alitia mkono wake humo.

Je, tumtupe shahidi huyu? La! Maelezo yaliyoongezwa mstari huchujwa, hayachomwi moto. Mahali pengine katika kitabu kicho hicho, Josephus anaeleza jinsi Anano, kuhani mkuu, alivyomhukumu Yakobo mwaka 62, na kumtambulisha kuwa ndugu wa Yesu aitwaye Kristo. Neno “aitwaye” si la mwamini. Wala habari hiyo haimhusu Yesu. Inahusu kosa la Anano, lililomfukuzisha kazi. Josephus wakati huo alikuwa kijana wa miaka 25 hivi, mzaliwa wa Yerusalemu, mji yalikotokea hayo.

Shahidi wa pili ni Tacitus, Mrumi aliyewachukia Wakristo. Akiandika karibu na mwaka 116, asema Kristo aliuawa kwa amri ya Pilato, zama za Kaisari Tiberio. Hata hivyo haki inatudai tuseme kwamba hakutaja alikoipata habari hiyo. Huenda aliisikia kwa Wakristo wenyewe.

Wa tatu ni Paulo. Yeye alikuwa mwamini, lakini barua zake za miaka ya 50 ndizo kongwe kupita zote, na katika mojawapo aeleza kwamba alionana uso kwa uso na huyo Yakobo, ndugu wa Bwana. Mtu wa hadithi hana ndugu wa kuonana naye, wala wa kuuawa na kuhani mkuu.

Kwa ushahidi huo, wanahistoria walio wengi, waumini na wasioamini, wanakubali kwamba Yesu aliishi na akasulubiwa chini ya Pilato. Habari za miujiza na kufufuka hazimo katika uwezo wa mizani hii. Hapo mpelelezi hufunga jalada lake, na kila mtu akabaki na dhamiri yake.