Kitako ni Mti, Mtutu ni Jambo Jingine

Fundi seremala mmoja wa Newala alitujia na swali. Jirani yake alimpelekea gobore lililovunjika kitako. Alitaka achongewe kitako kipya, kwani nguruwe mwitu walikuwa wanamaliza mihogo yake shambani. Fundi akatuuliza, "Mimi nachonga mti tu. Je, hapo nina kosa?"

Ili tumjibu vizuri, kwanza tutazame bunduki nzuri ya kuwindia inavyotengenezwa.

Bunduki hiyo ina sehemu kubwa tatu. Kuna mtutu, yaani bomba nene la chuma ambamo risasi hupita. Nyuma ya mtutu kuna komeo. Kazi yake ni kama ya komeo la mlango. Unalivuta nyuma, risasi inaingia, unalisukuma mbele na kulilaza chini. Mlango umefungwa. Sehemu ya tatu ni kitako, nacho ni mti.

Bunduki za komeo siyo ngeni huku kwetu. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Wajerumani walibeba bunduki za komeo za mwaka 1871. Baruti yake ilitoa moshi mwingi, kwa hiyo adui aliona moshi akajua askari yupo wapi. Wengine walikuwa na bunduki mpya ya Mauser ya mwaka 1898, isiyotoa moshi wa namna ile. Mwezi Novemba 1917 jeshi hilo lilipita Newala likirudi nyuma, na tarehe 25 likavuka mto Ruvuma hadi Ngomano. Baada ya vita, mafundi wa Ulaya na Marekani walichukua bunduki nyingi za Mauser za kijeshi, wakaziondoa mbao zake nzito, wakazitengenezea vitako vipya vya kuwindia. Mpaka leo wapo wanaofanya kazi hiyo, moja moja, kwa mkono.

Fundi wa namna hiyo humpima mwenye bunduki kama fundi cherehani anavyompima mtu wa suti. Hupima kutoka kidole cha kufyatulia hadi begani. Kwa watu wengi ni kama sentimita 34 au 35. Kitako kikizidi urefu, kinanasa kwapani wakati wa kuinua. Kikipungua, bunduki inaporudi nyuma kidole gumba kinamgonga mpigaji puani mwake mwenyewe! Shavu nalo lazima lilale juu ya mti mahali ambapo jicho linaona shabaha bila kutafuta.

Mti wanaoupenda ni wa nchi za baridi, unaitwa wolnati. Kwa nini huo? Ni mgumu bila kuwa mzito sana. Ukikauka vizuri hautanuki wala kusinyaa ovyo. Tena hauchaniki upesi. Wengine watasema, mbona sisi tuna mpingo, mti unaosifiwa dunia nzima? Ni kweli, lakini mpingo ukiutia majini unazama. Uzito wake ni karibu mara mbili ya wolnati. Bunduki ya kitako cha mpingo ingemchosha mwindaji kabla hajatoka kijijini. Kwa maoni yetu, ndugu wa karibu wa wolnati huku kwetu ni mninga. Uzito wao unakaribiana sana, na maseremala wa Masasi wanajua kwamba mlango wa mninga haupindi kwa mvua wala kwa jua.

Mbao hazichongwi mbichi. Kuna desturi ya kuhesabu mwaka mmoja wa kukausha kivulini kwa kila inchi moja ya unene. Kipande cha kitako kina inchi mbili na zaidi, kwa hiyo ni miaka. Kisha fundi hutazama nyuzi za mti. Hapa kila mwenye jembe anaelewa. Mpini unavunjika pale nyuzi zinapokatiza upande. Kitako kina shingo nyembamba, mahali pa kushika kwa mkono, na nyuzi za hapo lazima zinyooke kufuata shingo.

Kazi ngumu kabisa ni kulaza chuma ndani ya mti. Fundi hupaka rangi chini ya chuma, anakiweka, anakiinua, anatazama rangi imegusa wapi, anakwangua kidogo kwa patasi. Anarudia hivyo mara nyingi mno. Lakini mtutu wenyewe wengi huuachia nafasi ndogo, karatasi ipite kati yake na mti. Mti ukivimba wakati wa masika ukausukuma mtutu, risasi inakwenda pembeni. Mwisho kitako hupakwa mafuta ya kitani, tabaka juu ya tabaka, kwa siku nyingi. Tahadhari hapa: mafuta ya ganda la korosho yanazuia mchwa, lakini yanaunguza ngozi. Usiyapake kwenye kitu cha kuwekea shavu.

Basi mchonga vinyago wa kwetu angeiweza kazi hii ya mti. Hilo hatuna shaka nalo. Shida ipo kwenye chuma.

Tairi la lori lina presha kama mara 8 ya hewa ya kawaida. Ndani ya mtutu wa bunduki ya kisasa, risasi inapofyatuliwa, presha inazidi mara 3,000. Ndiyo maana katika nchi kama Uingereza kila bunduki hujaribiwa kwa baruti ya ziada kabla ya kuuzwa, kisha hugongwa muhuri. Mji wa Birmingham una nyumba ya kazi hiyo tangu mwaka 1813. Gobore la kienyeji halina muhuri wowote. Likipasuka, linapasuka karibu na macho na vidole vya mwenye kulishika. Kitako kizuri kitalifanya lipendeze tu.

Na sheria je? Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka leseni kwa mwenye silaha, kwa anayetengeneza, na pia kwa anayekarabati. Kumchongea jirani kitako cha gobore lisilo na kibali ni kukarabati silaha. Fundi atasema alichonga mti tu, lakini mti ule umefungwa kwenye chuma.

Hatusemi kwamba nguruwe ni jambo dogo. Wataalamu waliochunguza habari za simba wala watu walihesabu watu zaidi ya 560 waliouawa hapa Tanzania kati ya mwaka 1990 na 2004, na mikoa ya Lindi na Mtwara iliumia sana. Waliona kwamba simba huwafuata nguruwe hadi mashambani, na huko humkuta mtu amelala dunguni akilinda. Kwa hiyo mwenye mihogo yake ana haki ya kulalamika. Apeleke habari kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Huyo anaweza kuomba askari wenye bunduki halali. Wakati huo walinzi walale wengi pamoja, na dungu liwe juu kabisa.

Yule fundi tulimwambia alirudishe gobore kwa mwenyewe bila kuligusa. Kuhusu kulisalimisha, Serikali imewahi kutoa muda wa msamaha, kwa mfano Septemba na Oktoba 2022, ambapo mwenye silaha haramu aliipeleka polisi au kwa viongozi wa mtaa na kijiji bila kushtakiwa. Muda ule umepita. Mwenye gobore leo aanze kwa kwenda kituoni mikono mitupu, aulize utaratibu, kabla hajalibeba barabarani.