Mashine Inayokunja Goti

Kwa miaka mingi, kanuni ya kutibu kiungo kilichoumia ilikuwa moja: kipumzishwe. Goti lilifungwa plasta kwa majuma kadhaa, na plasta ilipoondolewa mara nyingi goti lilikuwa limekakamaa.

Je, kutulia hukidhuru kiungo kwa njia gani? Kwanza, tishu zinazokizunguka husinyaa na kushikamana. Pili, ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, tabaka laini lenye kuteleza. Gegedu la mtu mzima halina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kutoka katika majimaji ya kiungo. Kiungo kinapokunjwa na kunyooshwa, gegedu hubanwa na kuachiwa mithili ya sifongo ndani ya maji. Kiungo kisiposogea, gegedu hudhoofika.

Mwaka 1970 Dakta Robert Salter, bingwa wa upasuaji wa mifupa katika hospitali ya watoto mjini Toronto, Kanada, alitoa wazo lililopingana na desturi: kiungo kisogezwe polepole, bila kukoma. Kwa kuwa misuli ya mgonjwa huchoka, kazi hiyo ifanywe na mashine.

Wazo hilo lilijaribiwa kwa sungura waliotobolewa vitundu katika gegedu la goti. Kundi moja lilifungwa goti, la pili liliachwa litembee, na la tatu likawekwa katika mashine. Matokeo yalichapishwa mwaka 1980. Baada ya majuma 3, miongoni mwa sungura wazima, vitundu vilivyopona kwa gegedu halisi vilikuwa asilimia 3 katika kundi la kwanza, asilimia 5 katika la pili, na asilimia 44 katika la tatu.

Kabla ya hapo, mwaka 1978, mashine hiyo ilikuwa imeanza kutumiwa kwa wagonjwa. Mhandisi John Saringer alishirikiana na Salter kuiunda, na kampuni ya Toronto Medical ikaitengeneza kwa ajili ya soko. Mguu hulazwa juu ya fremu, na mota hukunja na kunyoosha goti kwa kadiri ya nyuzi zilizopangwa na mtaalamu.

Hospitali nyingi ziliitumia mashine hiyo hata kwa wagonjwa waliowekewa magoti ya bandia. Mwaka 2014 watafiti walikusanya majaribio 24 yenye wagonjwa 1,445 wa aina hiyo. Waligundua kwamba mashine iliongeza uwezo wa kukunja goti kwa takriban nyuzi 2 tu, tofauti ndogo mno kwa mgonjwa.

Je, sungura walitudanganya? Hasha. Katika goti la bandia, gegedu la ncha za mifupa limekwisha kuondolewa. Halipo tena la kuponywa. Sungura walijibu swali moja, wagonjwa wakaulizwa jingine. Mwanafunzi anayesoma matokeo ya jaribio lolote na aanze kwa kuuliza: ni swali gani hasa lililojibiwa hapa?