Kuyeyuka na Kumumunyika: Istilahi za Ukuzaji wa Fuwele

Mfasiri anayepewa kitabu cha sayansi ya metali hukutana mapema na habari za ukuzaji wa fuwele. Fuwele ni kitu kigumu ambacho atomu zake zimejipanga kwa utaratibu mmoja unaojirudia. Jambo lenyewe si geni kwetu. Taabu iko katika kitenzi kimoja, nacho ni "kuyeyuka". Taabu hiyo twaweza kuiona kwa mifano miwili kutoka wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara.

Mfano wa kwanza ni chumvi ya Ziwa Balangida, lililo chini ya Mlima Hanang. Wakati wa kiangazi jua hukausha maji ya ziwa, na chumvi iliyokuwamo hujitenga ikawa fuwele, ambazo watu huzikusanya. Mfano wa pili ni kazi ya wahunzi wa Kidatoga. Mhunzi hutia chomboni vipande vya shaba ya manjano, yaani aloi ya shaba na zinki, akavukuta moto mpaka vikawa ujiuji, kisha huusubu katika kalibu upate kuwa bangili. Shaba hiyo ipoapo, ndani yake nako hukua fuwele, ingawa hatuzioni kwa urahisi.

Tusemapo kwamba chumvi "imeyeyuka" majini na shaba "imeyeyuka" motoni, tumetumia neno moja kwa mambo mawili yasiyofanana. Shaba imegeuka kiowevu kwa joto peke yake. Chumvi imetawanyika katika maji, hata yakiwa baridi. Pasipo maji, chumvi safi ya kula haiyeyuki mpaka ifikie joto la sentigredi 801. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba chumvi huyeyuka katika chai, akisoma baadaye kwamba huyeyuka kwenye joto hilo, ana haki ya kudhani kuwa kitabu kimekosea.

Kwa hiyo tunapendekeza "kuyeyuka" libaki kwa kazi ya joto, na "kumumunyika" litumike kwa kitu kinachopotelea katika kiowevu. Neno hili halina ugeni: kila aliyepata kumumunya peremende analifahamu. Kutokana na vitenzi hivyo tunapata "kiyeyuko" na "mmumunyo".

Sasa tutazame fuwele zenyewe. Bangili moja huwa na fuwele nyingi mno, kila moja ikielekea upande wake, kwa sababu shaba huanza kuganda mahali pengi kwa wakati mmoja. Wataalamu mara nyingine hutaka kipande kizima kiwe fuwele moja tu. Mwaka 1916 Jan Czochralski, mwanasayansi wa Kipolandi aliyefanya kazi Berlin, aligundua njia ya kuivuta fuwele polepole kutoka katika kiyeyuko. Mwaka 1925 P. W. Bridgman wa Marekani alieleza njia nyingine: chombo huteremshwa taratibu kutoka katika tanuri, ili kuganda kuanzie chini na kupanda juu.

Kwa aloi kazi huwa ngumu zaidi, maana sehemu igandayo kwanza haina mchanganyiko sawa na kiyeyuko. Katika shaba ya manjano, kwa kawaida huwa na shaba nyingi zaidi na zinki kidogo. Hata hivyo juhudi hizo zina faida. Mapanga ya turbini katika injini nyingi za ndege ni fuwele moja moja za aloi ya nikeli, kwa kuwa katika joto kali mipaka baina ya fuwele ndiyo huanza kulegea.

Istilahi tunazopendekeza ni hizi:

1. Kiyeyuko: kiowevu kipatikanacho kwa kuyeyusha kitu kigumu kwa joto. Mfano: shaba iliyo chomboni mwa mhunzi.

2. Mmumunyo: kiowevu ambacho kitu kingine kimemumunyika ndani yake. Mfano: maji ya Balangida.

3. Fuwele pweke: kipande kizima ambacho ni fuwele moja tu. "Fuwele moja" ingedhaniwa kuwa ni hesabu, na "fuwele pekee" ingekuwa na maana ya fuwele bila kitu kingine.

4. Fuwele mbegu: kipande kidogo cha fuwele ambacho fuwele kubwa huanzia kukua.

Walimu na wafasiri wayajaribu maneno haya darasani na katika maandishi yao. Neno litakalomfanya mwanafunzi atofautishe ziwa na tanuri bila kuelezwa mara mbili, hilo ndilo lifaalo kubaki.